Mlango wa Maji, Ufunguo Anashika Nani?

Nimefundisha fizikia skuli ya sekondari huku Pemba kwa miaka 16, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilihesabu kuwa kazi yangu inaishia kwenye mlango wa darasa. Mtoto ashike kanuni, afanye mtihani wake, aende. Yatakayomkuta siku atakapotimiza miaka 18, akachukua kitambulisho chake cha Mzanzibari na kupanga foleni ya kupiga kura, hayo niliwaachia wenye siasa zao.

Kilichonitoa huko ni mabishano ya vijana wawili barazani, Julai 2020, jioni moja nilipokuwa nakwenda dukani kufuata sukari. Wote wawili nimewasomesha mimi. Mmoja sasa ni fundi mwashi, mwengine anatengeneza simu na kuuza vocha, basi nitawaita Mwashi na Wasimu, majina yao tuwaachie wenyewe. Walikuwa wanabishania bonde letu.

Bonde lenyewe ni la mpunga, linateremka mpaka kwenye hori lenye mikoko upande wa machweo. Mama yangu kalima humo, na bibi yangu kabla yake. Sehemu ya chini sasa hailimwi. Bamvua, yaani ule ujaaji mkubwa wa bahari, likizidi, maji hupanda yakatanda juu ya vikataa, vile vipande vyetu vya mpunga, na yakirudi huacha ardhi ina weupe kama iliyonyunyiziwa unga. Mpunga ukipandwa pale huota urefu wa kidole, kisha hugeuka rangi ya makuti makavu. Kila uchaguzi ukikaribia, bonde hili hupata wachumba. Mwaka ule alikuwepo aliyeahidi ukuta wa zege, na alikuwepo aliyesema dawa yake ni kupanda mikoko. Barazani kukawa na watu wa ukuta na watu wa mikoko, na ukiwasikiliza kwa dakika 5 unagundua kuwa hakuna hata mmoja anayezungumzia maji. Wanazungumzia nani kasema.

"Mwalimu," Wasimu akaniita, "hebu njoo utuamue. Weye ndo mwenye sayansi."

Ningekuwa na akili ningenunua sukari yangu nikarudi nyumbani. Nikawaambia waje skuli Jumamosi baada ya sala ya alasiri, walete na wenzao.

Walikuja kama 30, wengi wao mwaka huo ndiyo wanapiga kura kwa mara ya kwanza. Walikuja pia akina mama watatu wanaolima bondeni, wakakaa nyuma karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nimejiandaa kama ninayekuja kukaguliwa: kompyuta, grafu, gesi ya ukaa, barafu ya Greenland, maji ya bahari kutanuka kwa joto. Nilitaja "mabadiliko ya tabianchi" mara nyingi mno. Mmoja wa wale akina mama akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Hiyo tabia mbaya ya nchi unayoisema, ni ya nchi gani? Yetu au ya wenziwetu?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona kuwa mama yule kauliza swali zuri kuliko slaidi zangu zote, na jibu lake la haki ni kwamba tabia hiyo ni ya wenziwetu zaidi kuliko yetu. Isitoshe, neno lenyewe wamelitunga vizuri wataalamu wa lugha, ila bondeni halina mwenyewe. Bondeni wanasema "bahari imekula", na anayesema hivyo anajua imekula wapi, mwaka gani, na vikataa vya nani.

Pigo la pili lilitoka kwa Mwashi. Nilikuwa nimesema kwamba kwa wastani bahari duniani inapanda milimita 3 na kidogo kwa mwaka. Akatoa simu akapiga hesabu.

"Tangu 1990 mpaka leo ni miaka 30. Mara 3, milimita 90. Sentimita 9." Akaupima upana wa kiganja chake kwenye meza. "Sentimita 9 ndo hizi, mwalimu. Na bamvua lililopita maji yalimfika mama magotini. Hizo nyengine zimetoka wapi?"

Jibu lipo, ila siku ile sikujua kulisema. Kwetu, baina ya maji kujaa na kupwa siku ya bamvua kuna kama mita 4. Mbele ya mita 4, kiganja cha Mwashi hakionekani. Lakini tuta linalozuia bahari halina habari na wastani, linangoja ile siku moja ya mwaka ambapo maji yanagusa ukingo wake. Tuta lililokuwa likipona kwa sentimita 5 leo linapitwa kwa sentimita 4, na tuta la udongo likishapitwa mara moja linaanza kumong'onyoka. Hivi ndivyo ningesema. Siku ile nilisema maneno mengi zaidi na yenye maana ndogo zaidi.

Akaendelea. "Basi kwa haya yote, mikoko inazuia maji au inazuia mawimbi?"

Niseme ukweli, mimi nilikuwa mtu wa mikoko. Sikuwa nimetamka, lakini slaidi yangu ya mwisho ilikuwa picha ya mikoko jua linapozama, sasa hapo mtu atakosa kujua? Nikazungusha. Nikasema mikoko inashika tope, ni mazalio ya samaki na kamba, inahifadhi kaboni nyingi ardhini. Yote kweli, na hakuna lililokuwa jibu. Mwashi akaketi kwa heshima ya mwalimu. Hakuketi kwa kuridhika, na aliyefundisha japo mwaka mmoja anazijua tofauti za namna hizo mbili za kuketi.

Jumamosi ya pili walikuja 7.

Katikati ya wiki nilikuwa nimesoma mpaka usiku, na Mwashi alikuwa sahihi. Mizizi na mashina ya mikoko huvunja nguvu ya wimbi, na kwenye pwani iliyo wazi hilo ni jambo kubwa. Tope linaloshikwa nalo huinua ardhi kidogo kidogo, kwa miaka. Lakini ndani ya hori letu hakuna wimbi. Bamvua linaingia polepole kama maji yanavyojaa kwenye beseni, na maji yaliyotulia hupita katikati ya mikoko kama mtu anavyopita kwenye pazia la shanga. Nikawaambia wale 7: wiki iliyopita nimeulizwa jambo nisilolijua nikajibu kama nalijua. Fundi alikuwa sawa.

Watu wa ukuta wakapiga makofi kama wamefunga bao. Mwashi mwenyewe ndiye aliyewanyamazisha.

"Msishangilie. Ukuta nao una yake. Ukishaizuia bahari isiingie, masika utayatoa wapi? Maji ya mvua yote ya bonde hili yanatokea huko chini. Lazima uweke mlango. Na mlango wa maji lazima ufungwe bamvua likija, ufunguliwe likitoka, usiku na mchana. Ufunguo anashika nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nilikumbuka ahadi zote mbili jinsi zilivyotolewa jukwaani, na katika zote mbili mlango haukutajwa. Tangu siku hiyo sikuwasha tena kompyuta kwenye darsa lile. Tulikuwa tumepata kitu cha kupima.

Kabla ya vipimo kulikuwa na kijana mmoja, mkali kidogo, aliyetaka kujua sayansi imeshamsaidia nani. "Mnatuambia tuichague sayansi. Lini imetufaa sisi?" Nikampa kisa cha mbung'o wa Unguja: kuanzia 1994 madume waliohasiwa kwa mionzi walizalishwa Tanga kwa mamilioni wakamwagwa kwa ndege, majike yakapandwa na madume yasiyozalisha, na kufikia 1997 mbung'o akatangazwa kutoweka kisiwani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huko Unguja." Chumba kizima kikaangua kicheko, na mwenye kuijua Pemba anajua kwa nini. Nikakumbuka kitu cha karibu zaidi. Nikawauliza wavulana ni nani ambaye utotoni hakuwahi kukojoa damu, au kuwa na ndugu aliyekojoa damu, kwa kuoga mtoni. Kicheko kikapungua. Kichocho kinapitia konokono wa maji matamu, hilo mtu hulioni kwa macho mpaka mwenzio alipime, na maabara iliyoko Wawi imekuwa ikilifanya hilo na mengine tangu 2000. Vidonge walivyomezeshwa wakiwa darasa la pili viliamuliwa na watu waliokuwa na takwimu mikononi na bajeti ya kugawa. "Basi hiyo ndo siasa," akasema yule mkali. Sikuwa na la kuongeza.

Tuliamua kusubiri bamvua kubwa. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hilo kila mtoto wa pwani analijua. Lisilojulikana na wengi ni kuwa hayalingani mwaka mzima. Makubwa huangukia karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, na ikitokea mwezi nao uko karibu na dunia siku hizohizo, maji huzidi tena. Mwaka ule mwandamo wa Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar, ulianguka katikati ya Septemba na mwezi ulikuwa karibu. Nilikuwa nimetoa hesabu zangu kwenye jedwali, najiona mtaalamu, mzee mmoja mvuvi akapita na ndoano zake akasema bila kuulizwa: "La Mfunguo Tano mwaka huu litafika jikoni."

Tukakata mianzi 5, Wasimu akaipiga alama kila sentimita 5 kwa rangi ya kucha ya dada yake, nyekundu. Miwili tukaichomeka ukingoni mwa hori, miwili juu ya tuta, mmoja ndani ya vikataa vilivyokufa. Mmoja wa hori uling'olewa siku ya pili. Nadhani sasa ni upondo wa mtu.

Kisha Mwashi akaleta mpira wake wa levo. Asiyeujua: ni mpira mwembamba unaoonesha ndani, wa mita 15 hivi, umejazwa maji. Mmoja anashika ncha hii, mwengine ile, na popote mtakaposimama maji ya ncha mbili yanakaa usawa mmoja, hata kukiwa na nyumba katikati. Mimi nimeichora kanuni hiyo ubaoni mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na sijapata kuona darasa likinyamaza kama walivyonyamaza vijana wale wakiyatazama maji yakipanda na kushuka ndani ya mpira, yakitikisika, mpaka yakatulia. "Subiri mpovu utoke," Mwashi akamwambia aliyeshika ncha ya pili, "mpovu ukibaki inakudanganya." Walipima tuta lote namna hiyo, kipande kwa kipande, wakaandika kwenye daftari. Tulikuta tuta limeinuka kuliko tulivyodhani, isipokuwa sehemu moja ng'ombe wanapovukia, ambapo limeliwa kwa kwato likabaki kama tandiko la punda.

Kifaa cha pili nilikitengeneza mimi, nisije nikaonekana nimekuja kutembea. Betri 3 za tochi, kitaa kidogo kilichotolewa kwenye tochi mbovu ya Kichina, na misumari 2. Ukiitia misumari kwenye maji ya bahari, taa inawaka, maana chumvi iliyoyeyuka inabeba umeme. Kwenye maji ya kisima, kimya. Kwenye mfereji wa bondeni iliwaka kwa unyonge, kama jicho la mtu anayesinzia.

Jumamosi tarehe 19 Septemba, saa kumi kasorobo jioni, tulikuwa tumejipanga juu ya tuta watu 20 na zaidi, maana habari zilikuwa zimeenea na wale walioacha kuja walirudi. Maji ya bamvua kwetu hujaa saa kumi na kitu. Yalipanda bila sauti. Alama moja nyekundu ikazama, ya pili, ya tatu. Mikoko ikabaki vichwa. Yakalifikia tuta, yakalilamba, na yakasimama shubiri moja chini ya ukingo. Yakagoma hapo. Watu wa ukuta na watu wa mikoko wote wakatazamana, maana kama bahari haijapita juu ya tuta, basi ugomvi wao ulikuwa wa nini?

Tukasikia tunaitwa kwa nyuma. Ni mama yule wa tabia ya nchi, kasimama barabarani na kanga kaikunja kiunoni.

"Nyie mnailinda mbele, kuno nyuma ishaingia zamani!"

Tulikimbia. Chini ya barabara kuna karavati, bomba la zege lililowekwa barabara ilipoinuliwa ili maji ya mvua yatoke. Yalikuwa yanaingia. Majani ya mferejini yote yalikuwa yamelala kuelekea juu, kule yanakoteremka maji ya mvua. Wasimu akapiga magoti akaitia misumari, na kile kitaa kikawaka mpaka akina mama wakakiona kutoka barabarani.

"Miye nimesema haya miaka yote," mama akasema. "Mnanambia ni tabianchi."

Mwashi alipouweka mpira wa levo alikuta mdomo wa bomba uko chini ya ukingo wa tuta kwa zaidi ya mita. Kila bamvua la kawaida, si hili kubwa peke yake, lilikuwa na njia.

Ningeweza kukuachia kisa hapo kikapendeza, lakini siku iliyofuata maji yalipanda kidogo zaidi na pale ng'ombe wanapovukia yakapita juu, membamba kama karatasi, dakika 20 hivi. Kwa hiyo waliosema bahari inapita juu ya tuta hawakuwa waongo. Na sentimita 9 za Mwashi zilikuwa humo ndani, hakuna shaka, ila kijiti chetu hakikuweza kuzionesha.

Hili lilileta ugomvi mkubwa kuliko wote. Kijana mmoja alipiga picha mwanzi wetu na kuandika kwenye simu kwamba tumepima na bahari Pemba imepanda nusu mita. Nilimwambia afute. Akasema, "Mwalimu, si inasaidia? Watu watastuka." Nikamwambia kijiti kinajua ya leo tu, hakijui ya mwaka jana. Ili useme bahari imepanda unahitaji kupima mahali pamoja miaka na miaka, kama kinavyofanya kipimo cha bandarini Unguja tangu miaka ya 1980, na hata hapo uyatoe ya upepo, na ya mwezi, ambao una mzunguko wake wa miaka 18 na zaidi unaoyafanya mabamvua yenyewe yakue na kupungua. Tukibishana kwa namba ya uongo kwa sababu inatupendeza, kuna ubaya gani yule wa jukwaani naye akitaja yake? Alifuta, lakini alinuna, na hakuja tena. Mpaka leo sijui kama nililisema kwa namna nzuri. Mbele za watu kumwambia mtu mzima "futa" si adabu.

Jumatatu niliitwa ofisini kwa mtu. Ofisi sitaitaja. Niliulizwa nimetumwa na nani, mimi ni chama gani, na kwa nini mtumishi wa serikali anakusanya vijana wakati wa kampeni. Nikasema tunapima maji. Akanitazama kwa muda, akasema maji yatakuwepo hata baada ya uchaguzi. Nilikasirika, lakini nilimwelewa kuliko nilivyomwonesha. Chaguzi za visiwa hivi zimeacha watu na makovu, na anayekusanya vijana 20 kwenye tuta jioni hawezi kushangaa akiulizwa.

Nikaacha kuitumia skuli. Vijana wakaendelea wenyewe barazani, bila mimi, na lazima nikiri kuwa darsa lilinawiri nilipotoka. Nilikuwa napita kwenda dukani, nikijifanya naangalia bei, nasikia.

Siku moja nilisikia mmoja akifunga mjadala: "Basi tushajua. Sayansi imesema karavati." Nikashindwa kujizuia, nikarudi. Mpira wa levo umesema maji yanapita wapi. Haujasema pesa ziende wapi. Kuna karavati, kuna kituo cha afya hakina mkunga wa usiku, kuna barabara ya kule juu. Yule mama mwenyewe aliyetuonesha bomba aliniambia hana haja na bonde tena: "Kikataa changu kishakufa, mwanangu. Mimi atakayenipa pampu nilime mboga huku juu, huyo ndo wangu." Na miye ndani ya nafsi yangu nilikuwa nimengoja siku zote waelewe, kisha wote wafikie pale nilipofika mimi. Mama kaelewa kuliko sote, na kaelekea kwengine.

Walichoamua mwisho ni kuandika maswali matatu kwenye karatasi ya daftari na kumpa kila mgombea atakayepita barazani, awe wa chama chochote. Umeona maji yanaingilia wapi? Mvua itatokea wapi? Kitakachojengwa atakitunza nani, kwa pesa ipi, mwaka wa pili na wa tatu? Wa kwanza alisema italifanyiwa kazi, kisha akalirekebisha akasema litafanyiwa kazi. Wa pili alitaka kujua nani kawatuma. Wa tatu alikaa, akavua viatu, akaomba apelekwe kwenye bomba. Alipofika alisema hajui bomba lile liko chini ya idara gani, ila ataanza na hilo. Huyo hakushinda. Nani alimpigia nani kura tarehe 28 Oktoba, sikuuliza.

Mwaka uliofuata Mwashi alikuja nyumbani usiku akigonga mlango kama kuna msiba. Alikuwa na mchoro. Mlango wa mbao, unaning'inia kwa bawaba juu ya mdomo wa bomba upande wa bahari. Bahari ikija inausukuma, unajifunga. Mvua ikishuka kutoka bondeni inausukuma kwa ndani, unajifungua. "Hakuna ufunguo, mwalimu. Nimelala nalo swali lile miezi sita. Hakuna ufunguo!" Baadaye nilikuta milango ya aina hiyo inatumika nchi nyingi na ni ya zamani sana, sikumwambia mpaka alipomaliza kufurahi. Sheha, mkuu wa serikali hapa mtaani kwetu, aliruhusu kwa mdomo, kwa maandishi hakutaka. Ulifanya kazi misimu miwili, kisha minyoo ya bahari ikaula mbao. Wa pili ni wa mpira wa tairi la lori uliobanwa kwenye bati, mbaya wa sura, bado upo. Chumvi haitoki kwa masika moja, lakini vikataa viwili vya juu kidogo vimerudi kulimwa.

Mwaka 2025 uchaguzi ulipokaribia, maneno yalikuwa ni visima. Kila mmoja anachimba kirefu kuliko mwenzake. Safari hii sikuwaita watu, waliniita, na mwenye kuita alikuwa mdogo wake Mwashi, msichana wa miaka 19. Nilichukua chupa tupu, nikatia maji ya chumvi niliyoyapaka wino, kisha nikamimina maji matamu taratibu juu ya mgongo wa kijiko. Yakakaa juu, safi, kama mafuta. Ndivyo yalivyo chini ya pwani yetu: maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo, na kwa hesabu ya kukadiria, kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Nikampa mrija anyonye polepole. Maji matamu. Nikamwambia anyonye kwa nguvu, na wino ukapanda katikati kama kidole, ukamfika mdomoni. Akatema, na wenzake wakafurahi sana.

Alipofuta mdomo akauliza: kisima kinachoahidiwa pale karibu na pwani, maji yake yamesimama mita ngapi juu ya bahari? Kama ni nusu mita, matamu ni mita 20 hivi, na huyu anasema atachimba 60. Nikamwambia sijui yamesimama wapi. Kuna kisima cha zamani palepale, mtu anaweza kupima.

"Kwa kitu gani?"

Kwa mpira wa levo, nikamwambia, uko kwa kaka yako, ila umwahi kabla ya Ijumaa maana Ijumaa anamwaga zege.

"Na mpovu nihakikishe umetoka," akasema.